Umejuaje? Akili mnemba katika darasa langu la historia

Nafundisha historia kidato cha tatu hapa Pemba. Mwaka jana niliwapa wanafunzi insha kuhusu karafuu. Nilipokaa kusahihisha, nikakuta madaftari matano yenye Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, yote yakisema dhoruba ya mwaka 1872 iliangamiza mikarafuu ya Pemba. Mambo yalikuwa kinyume. Dhoruba ile iliifyeka mikarafuu ya Unguja; Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kikawa tegemeo la karafuu.

Simu haziruhusiwi shuleni, lakini nyumbani zipo, ya kaka au ya mama, kwa hiyo nilijua wameyatoa wapi: kwenye programu ya akili mnemba. Hasira zilinipanda, nikataka kuwapa sifuri wote watano. Usiku nikajiuliza ni nani aliyewahi kuwaeleza kitu hicho kinavyofanya kazi. Hakuna, na mimi nimo.

Kesho yake nikaingia darasani, nikasema, "Haraka haraka haina..." Darasa zima: "Baraka!" "Haba na haba..." "Hujaza kibaba!" "Dhoruba iliharibu mikarafuu ya..." "Pemba!" Nikanyamaza. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, si tulisoma ni Unguja?"

Hapo nikawaeleza. Akili mnemba ya kuandika imepitishiwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno linaloelekea kufuata. Karafuu na Pemba hutajwa pamoja kila mara, basi nayo huitikia kama mlivyoitikia nyinyi. Walicheka, lakini waliielewa papo hapo.

Nikabadilisha kazi. Kutumia programu ruhusa, ila kila dai liandikiwe pembeni: umejuaje? Kitabu gani, ukurasa gani, au nani kakwambia. Alama 5 kati ya 15 zikaenda hapo. Wasio na simu nyumbani nawachapishia jibu la programu, walikague kama wenzao. Wazazi wawili walikuja kulalamika. Nikawaonesha madaftari, wakaridhika.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ya yule msichana wa nyuma. Programu ilimwambia kuwa karafuu hukaushwa kwenye tanuri na makonyo, yaani vikonyo vyake, hutupwa. Akamsomea bibi yake, aliyechuma na kuchambua karafuu tangu utotoni. "Mjukuu wangu, tanuri la nini na jua lipo?" Bibi akamweleza habari ya majamvi, kuzigeuza, na kuzikusanya mbio wingu likitanda, maana karafuu ikinyeshewa huharibika rangi na bei hushuka. Makonyo nayo ni pesa: huuzwa, yakatolewa mafuta kiwandani Wawi. Binti akayaandika yote, na pembeni: "Bibi yangu, kaifanya kazi hii mwenyewe." Nilimpa alama zote 5, na ningekuwa na zaidi ningempa.

Siku hizi wananijia na maswali ambayo zamani sikuyasikia. "Mwalimu, hapa imeandika 'wataalamu wanasema'. Wataalamu gani?" Wiki iliyopita nilisahihisha insha ya mvulana mmoja kuhusu ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, iliyoko Pujini. Pembeni mwa dai lake la tatu, kwa kalamu ya risasi, ameandika: "Bado sijapata. Jumamosi nakwenda Pujini."