Tangi la Bultaco: nilivyoifufua pikipiki ya mwaka 1972

Kilichonitesa kwenye Bultaco yangu hakikuwa injini, lilikuwa tangi. Naanza na hilo kwa sababu kila anayesikia kwamba nimefufua pikipiki ya zaidi ya miaka hamsini huniuliza pistoni nilipata wapi. Pistoni zipo. Ringi zipo, sili zipo, hata nyaya za klachi zipo, maana watu wanaozipenda pikipiki hizi ni wengi na wapo wanaoishi kwa kutengeneza spea zake. Tangi ndilo lililonila miezi, na kwa kuwa najua kuna mwingine huko aliko anaifungua injini yake bure kwa mara ya pili, naandika.

Nimekulia Babati. Baba alikuwa bwana mifugo, na pikipiki ya kazini kwake ilikuwa Yamaha AG100, ile yenye cheni iliyofunikwa yote na keria mbele na nyuma. Injini yake ni ya mapigo mawili, kwa hiyo ilikuwa inaunguza oili pamoja na petroli, na moshi wake wa bluu ndiyo harufu ya utoto wangu. Masika ikifika, Baba alikuwa anapita njia ambazo Land Rover zilikuwa zimekwama. Hakuwa anakimbiza. Alikuwa anasimama juu ya pedali, anavuta mafuta kidogo kidogo, anaiacha pikipiki itafute njia yenyewe katikati ya mawe.

Miaka mingi baadaye, nikiwa naishi Keighley, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, Jumapili moja nikiwa natembea vilimani nilisikia mlio ule ule ukitokea bondeni. Nikateremka. Nikakuta kijito chenye mawe yaliyoota ukungu wa kijani, na mzee wa miaka sabini hivi amesimama juu ya pikipiki anayapanda mawe hayo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hakuweka mguu chini hata mara moja. Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi kwa baridi.

Mchezo huo unaitwa trayali, na hauna mbio. Unapewa seksheni, yaani kipande cha njia chenye mawe, matope, mizizi au maji, kilichowekewa alama kulia na kushoto, nawe upite bila kukanyaga chini. Mguu ukigusa mara moja ni pointi 1, mara mbili ni 2, mara tatu au zaidi ni 3. Ukianguka, ukitoka nje ya alama au ukishindwa kufika mwisho ni 5. Ukipita safi, sifuri. Mwenye pointi chache kabisa ndiye mshindi. Na hapa nilipo ni kitovu cha mchezo wenyewe: bingwa wa kwanza wa dunia wa trayali, Martin Lampkin, aliyetwaa taji mwaka 1975, alikuwa mtu wa Silsden, mji mdogo unaopakana na wetu. Alikuwa anaendesha Bultaco.

Kampuni ya Bultaco ilianzishwa karibu na Barcelona mwaka 1958 na Francesc Xavier Bultó, mtu aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Montesa, kampuni nyingine ya pikipiki ya Kihispania, akaondoka pale wenzake walipotaka kuachana na mashindano. Siku hizo trayali ilitawaliwa na pikipiki nzito za Kiingereza za mapigo manne. Mwaka 1964 Bultó alimwita Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast aliyekuwa anashinda kila mahali kwa Ariel, pikipiki ya Kiingereza ya cc 500, wakakaa wakatengeneza pikipiki nyepesi ya mapigo mawili, takribani kilo 90 hivi. Mwaka uliofuata Miller akashinda nayo Scottish Six Days Trial, siku sita za milima na mito ya Scotland, ambako pikipiki ya mapigo mawili ilikuwa haijawahi kushinda. Hiyo ndiyo Sherpa T. Mambo ya Waingereza na mapigo yao manne yakaishia hapo. Kiwanda chenyewe kilifunga moja kwa moja mwaka 1983, lakini ukiiona Sherpa ya zamani imesimama, wembamba wake na lile umbo la tangi na kiti vilivyoungana, unaelewa kwa nini watu hawaziachi.

Yangu niliinunua Novemba 2021 kwenye banda la shamba upande wa Skipton. Ilikuwa nusu pikipiki, nusu maboksi: fremu ina kutu, injini imefunguliwa kichwa, spoku zimeoza, panya wamejenga kwenye ekzosi. Lakini tangi lilikuwa zima, jekundu, la faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Nakumbuka nililipapasa nikasema angalau hili halina kazi.

Injini niliifungua kwenye gereji ya mzee jirani, fundi mstaafu aliyewahi kushindana enzi hizo. Alinifundisha jambo moja ambalo lingeniokolea mengi ningelijua mapema: beringi za klenki hazipigwi nyundo. Nusu za kasha la injini niliziweka kwenye oveni ya jikoni, nyuzi 110, baada ya kuzisafisha hadi zisiwe na harufu ya oili na baada ya mke wangu kukubali. Aluminiamu ikipata joto hutanuka kuliko chuma. Baada ya nusu saa nilivaa glavu, nikaligeuza kasha juu ya ubao, na beringi iliyokaa humo miaka hamsini ikadondoka yenyewe. Zile mpya nilikuwa nimezilaza kwenye friza usiku kucha; zilizama mahali pake kama shilingi inavyozama kwenye kibubu. Mzee hakusema kitu, aliitikia kwa kichwa tu, na kwangu hiyo ilitosha.

Majira ya kuchipua ya 2023 nikapiga kiki. Mara ya tano ikawaka. Furaha yenyewe haikudumu, kwani mlio ulianza kupanda bila mimi kugusa mafuta, ukapanda hadi nikazima. Nikairekodi kwenye simu nikamtumia Baba Babati. Jioni akapiga.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo inavuta hewa. Angalia sili ya upande wa sumaku."

Ilikuwa hivyo hivyo. Sili niliipachika ikiwa imejikunja ukingo, upana wa kucha. Baba hajawahi kuiona Bultaco kwa macho yake, lakini mlio wa mapigo mawili unaovuta hewa ni ule ule Babati na Keighley.

Baada ya hapo ilitembea vizuri wiki tatu, kisha ikaanza kukohoa. Ikipanda mlima inakosa nguvu, nikiachia mafuta inazima. Nikabadili plagi. Nikasafisha platini. Nikafungua kabureta ya Amal, nikaipuliza, nikaifunga. Siku mbili nzuri, kisha yale yale. Nikaamini kabisa kwamba nimeharibu tena ile sili, nikaitoa injini yote nje. Nilipovua silinda nikaona kitu ambacho sikukielewa: ringi zilikuwa zimegandana kwenye mifereji yake, zimefunikwa na kitu cha rangi ya asali, kinanata kama utomvu wa fenesi. Haikuwa kaboni, maana kaboni ni nyeusi na ngumu.

Nikarudi kwenye tangi. Nikamimina petroli kwenye chombo cha kioo. Ilitoka na rangi ya chai ya rangi, na chini ikaacha ute. Ndipo nikakumbuka malengelenge madogo niliyokuwa nayaona kwenye rangi karibu na kifuniko, ambayo nilikuwa nayasingizia upakaji mbaya.

Maelezo yake ni haya. Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ilibadilishwa ikawa E10, yaani ina ethanoli, aina ya alkoholi, hadi asilimia 10. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa hadi 5. Matangi ya faiba ya miaka ya sitini na sabini yalijengwa kwa gundi isiyostahimili ethanoli. Inalainika, inayeyuka taratibu, inateremka na petroli hadi kwenye kabureta, kisha injini inaipika kwenye ringi. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilikuwa nalijaza tangi kile kinacholila.

Njia zilikuwa mbili: kununua tangi la aluminiamu, au kulipaka hili kwa ndani gundi mpya ya epoksi inayostahimili ethanoli. Nilichagua ya pili kwa sababu umbo lile ndilo lililonifanya niinunue. Nililiacha wazi wiki sita ndani ya nyumba, karibu na joto, hadi harufu ya petroli ikaisha kabisa. Ukiharakisha hapa gundi haishiki. Kisha nikatia ndani nati ndogo na skrubu zenye ncha, nikaziba, nikalitikisa kwa zamu na mwanangu ili kukwaruza ukuta wa ndani. Vumbi lililotoka lilikuwa la njano. Nikahesabu nati zote zilizotoka, moja moja, hadi zikatimia. Ndipo nikamimina epoksi na kuanza kuligeuza: ubavu huu, ubavu ule, juu, chini, kila baada ya dakika mbili, zaidi ya saa nzima, nikiangalia kwa tochi kama kuna sehemu iliyobaki kavu. Kona ya mbele, chini ya usukani, ndiyo inayokwepa gundi kila mara. Iangalie hiyo. Baada ya kukauka nililipiga msasa nje, nikapaka rangi nyekundu upya.

Na sikuishia hapo. Sasa natumia petroli isiyo na ethanoli inayouzwa kwa madumu ya lita 5 kwa ajili ya misumeno ya kukatia miti. Ni ghali, lakini trayali haili mafuta mengi. AG100 ya Baba ilikuwa na tangi lake la oili pembeni. Sherpa unachanganya mwenyewe, nami naweka mililita 125 za oili kwa lita 5. Na pikipiki hailali na petroli tumboni, hata usiku mmoja.

Kuendesha ni somo lingine. Kwenye Sherpa ya umri huu gia iko kulia na breki ya nyuma iko kushoto, na mguu wangu wa kulia ulikuwa umekanyaga breki tangu ujana. Nilijifunza uwanjani kwa mwezi mzima kwa mwendo wa konokono, nikizunguka mawe mawili. Tairi zinajazwa upepo kidogo mno, psi 4 au 5 nyuma, kiasi kwamba ukibonyeza kwa dole gumba zinaingia. Mwendesha bodaboda angedhani una pancha. Lakini ndivyo zinavyokumbatia jiwe.

Oktoba 2024 niliingia shindano langu la kwanza, daraja la pikipiki za zamani zenye shokapu mbili nyuma. Seksheni 10, mizunguko minne, mvua tangu asubuhi. Seksheni ya sita ilikuwa kijito chenye mwamba wa mlalo mwishoni. Mzunguko wa kwanza 5, wa pili 5, wa tatu 3. Wa nne nilisimama juu ya pedali nikamkumbuka Baba anavyopita korongo bila kukimbiza, nikavuta mafuta kidogo, tairi ya mbele ikapanda mwamba, ya nyuma ikasita, ikashika. Mwamuzi akainua ngumi iliyofumbwa: sifuri. Jumla nilimaliza na pointi 71, wa tatu kutoka mwisho, injini haijakohoa hata mara moja siku nzima.

Jioni, nikiwa nimelowa hadi mifupani, nilifungua bomba nikaiteremshia petroli iliyobaki kwenye chombo kile kile cha kioo, nikakiinua kwenye taa ya gereji. Ilikuwa na wekundu wa oili tu, na chini hapakuwa na kitu.