Farajala: nilivyolifuatilia jina la ukoo wetu wa Kibigori

Kwenye kitambulisho changu jina la tatu ni Farajala. Kwenye cha marehemu baba ni Farajalla. Cheti cha kuzaliwa cha binti wa kaka yangu kinasema Farjala. Kwa miaka mingi hili lilikuwa jambo la kutaniana tu nyumbani, mpaka msichana alipofikisha miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho chake.

Sisi ni Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia Waingereza, wa Kibigori, hapo kwenye njia ya reli kati ya Muhoroni na Kisumu. Asiyejua maana ya hilo kwenye afisi ya usajili nimweleze kwa ufupi: wakati huo kijana wa Kinubi hakuenda na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, akapigwa picha, akaondoka. Alipigwa msasa kwanza mbele ya kamati, na aliulizwa karatasi za baba, mara nyingine za babu. Wazee aliowakuta binti yetu hawakuwa wakali. Mmoja wao alizitandaza zile nakala mezani akauliza kwa upole, "Sasa mwanangu, hawa ni watu wa nyumba moja kweli?" Akarudishwa akalete ushahidi. Kazi ikaniangukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayetunza makaratasi ya familia na nina subira nayo.

Nilianza kwa simu, kama kila mtu siku hizi. Ukilitafuta jina hili mtandaoni linakuletea dunia nzima. Misri wako wengi, Waislamu kwa Wakristo, maana Wakopti nao hulitumia. Lebanon kulikuwa na Farajallah el-Helou, kiongozi wa kikomunisti, Mkristo wa Kimaroni, aliyeuawa Damascus mwaka 1959. Iran wanaume huitwa hivyo kama jina la kwanza. Sudan, Sudan Kusini na Uganda ndiyo usiseme. Zipo pia tovuti zinazochora ramani ya majina na kukwambia lako ni la ngapi duniani. Nilizitazama kidogo nikazifunga. Zinahesabu neno la mwisho kwenye orodha ya watu, na kwetu neno la mwisho ni babu ya mtu, si ukoo wake.

Utaratibu wetu ni ule wa Waislamu wengi wa Afrika Mashariki: jina lako, la baba, la babu. Mtoto akizaliwa, mnyororo unasogea hatua moja na jina la mwisho linadondoka. Kwa hiyo Farajala wa Kibera na Farajala wa Bombo, kule Uganda, wanaweza kuwa wajukuu wa wazee wawili ambao hawakuwahi kuonana.

Na wazee wenye jina hilo walikuwa wengi tangu mwanzo. Hapa historia ilinifaa kuliko simu. Katika karne ya 19 jeshi la Misri nchini Sudan lilijazwa watu waliotekwa au kununuliwa kusini mwa nchi na kwenye milima ya Nuba: Washilluk, Wadinka, Wabari, Wamoru, Wakakwa na wengineo. Mtu aliingia kambini na jina la kwao, akatoka na la Kiarabu. Na majina yenyewe hayakuwa mengi. Bakhiti, Marjani, Rehani, Almasi, Mabruki, Rizigala, Farajala: yaligawiwa kama sare. Msikitini kwetu hadi leo ukiita "Marjani!" watageuka watu wa nyumba tofauti kabisa.

Hata Gordon, jenerali Mwingereza aliyekuwa akiitawala Sudan kwa niaba ya Misri, alikuwa na Farajala wake. Khartoum ilipozingirwa na watu wa Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, ngome ya Omdurman ilikuwa chini ya afisa Msudani, Faraj Allah, akaisalimisha Januari 1885 chakula kilipokwisha. Katika shajara zake Gordon alimwandika Ferratch Ullah. Nilipoiona tahajia hiyo nilicheka peke yangu, kisha nikaiandika kwenye daftari langu. Ikiwa sikio la Mwingereza lililisikia hivyo Khartoum, lingeweza kulisikia hivyo hata huku, na mimi nilikuwa nikitafuta kwa herufi za babangu tu. Ukurasa huo wa daftari ukajaa: Feraj Ulla, Ferajalla, Faragalla, Fargalla, Furaj Alla. Kuanzia hapo sikufungua faili wala kitabu bila kuupitia.

Wetu hakuwa wa Omdurman. Shangazi yangu wa Kaloleni, mwenye miaka zaidi ya 80 na kumbukumbu inayotutia haya sisi wengine, husema babu yake alikuwa Mkakwa na kwamba "alikuja na efendi, si na reli." Efendi ni cheo cha maafisa wa Kisudani. Kauli hiyo fupi ilinipa dira. Emin Pasha alikuwa gavana wa Jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan, tangu 1878, na mvumbuzi Stanley alipomchukua kumpeleka pwani mwaka 1889, askari wengi waliachwa nyuma karibu na Ziwa Albert, chini ya afisa wao Selim Bey. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwafuata huko Kavalli akawaingiza katika utumishi wa Waingereza: askari wapatao 600, pamoja na maelfu ya wake, watoto na wafuasi. Selim Bey mwenyewe alifukuzwa Uganda mwaka 1893, akafia Naivasha akiwa njiani. Septemba 1897 baadhi ya askari hao, wamechoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo, waliasi wakiwa Eldama Ravine, mwendo mfupi tu kutoka Nakuru, wakarudi magharibi hadi ngome ya Lubwa huko Busoga, ambako kamanda wao Mwingereza, Meja Thruston, aliuawa. Wasioasi waliendelea na kazi, na 1902 wakaingizwa katika jeshi jipya la Waingereza la KAR (King's African Rifles). Reli nayo ilikuwa imefika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Waliostaafu wakapewa pa kukaa: Kibos, Kibigori, Ravine, Kibera na kwingineko.

Jambo moja nililopaswa kulikumbuka kabla ya kupanda gari kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka Nairobi: mpaka Aprili 1, 1902, Kisumu, Nandi, Ravine na bonde lote hadi Naivasha lilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Kama babu alikuja na efendi, yaani kabla ya reli, basi karatasi zake za kwanza, ikiwa zipo, ziko upande wa Uganda. Sikupoteza nauli. Badala yake nilimtafuta mzee mmoja wa Bombo kupitia kwa imamu, akanijibu kwa jumbe ndefu za sauti, nusu Kinubi nusu Kiswahili. Bombo Wafarajala ni wengi, alisema, na babu yake mwenyewe aliitwa hivyo, ila alikuwa Mmoru. Basi si ndugu. Tukaitana ndugu hata hivyo, na tunasalimiana kila Ijumaa.

Hapo ndipo nilipobadilisha swali. Nani mwingine anaitwa Farajala halikunisaidia. Swali lililofaa lilikuwa hili: ikiwa jina la babu hudondoka kila kizazi, kwa nini la babu wa babangu halijadondoka? Farajala ndiye aliyekuja na efendi. Mwanawe, ambaye ni babu yangu, ni Rehani. Kwa desturi yetu mimi ningeishia kwenye Rehani, na watoto wa kaka yangu wasingelijua jina Farajala ila kwa hadithi za shangazi. Kuna karatasi mahali fulani ililigandisha.

Kipande cha babu hatunacho. Kipande, kwa vijana wasiojua, ni cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba kuanzia takriban 1920 hadi 1947, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Tulichonacho ni cheti chake cha kuachishwa jeshi baada ya Vita vya Pili, kilichokunjwa mpaka mikunjo ikawa matundu. Nilikuwa nimekiona tangu utotoni bila kukisoma. Nilikisoma sasa: Rehan Feraj Ulla. Lile jina la Gordon, au karibu sana nalo, nyumbani kwa shangazi ndani ya mfuko wa plastiki.

Chanzo cha pili ningemshauri kila Mkenya akitumie, awe Mnubi au la. Gazeti Rasmi la Serikali limekuwa likichapishwa tangu 1899, matoleo mengi yanasomeka mtandaoni bure, na ndani yake mna matangazo ya mirathi, hati za ardhi zilizopotea na watu waliobadili majina kisheria. Ni usomaji mkavu. Lakini nilipoingiza herufi za kwenye daftari langu moja baada ya nyingine, likatokea tangazo la mirathi la ami yetu mkubwa, ameandikwa kama mwana wa Rehani, mwana wa Ferajalla, wa Kibigori. Serikali yenyewe, kwa wino wake, imeviunganisha vizazi vitatu. Kamati ingetaka nini zaidi?

Makaburini sikupata kitu, na sikutarajia. Wenzetu wengine hufuatilia ukoo kwa kusoma mawe. Makaburi ya wazee wetu hayana maandishi. Kitabu cha ndoa cha kadhi kilifaa zaidi, kwa sababu ndoa huandika baba wa pande zote mbili, na hapo nikampata shangazi akiolewa kama binti wa Rehani bin Farajala. Vyeti vya kuzaliwa vya rika la baba visitafutwe: kuandikisha vizazi vya Waafrika kulianza kuwa lazima 1963, eneo baada ya eneo, na kulienea nchi nzima 1971.

Jibu la kuganda lilipatikana kwa baba mwenyewe, au tuseme kwa karani aliyemsajili baada ya uhuru. Fomu ilitaka majina matatu. Baba akataja lake, la baba yake, la babu yake, kama tulivyozoea. Tulipoanza shule, mwalimu naye akataka jina la familia, akachukua lile la mwisho kwenye kitambulisho cha baba. Mnyororo ukakoma kusogea. Lakini ami yetu mkubwa alikuwa amejiandikisha kwa majina mawili tu, lake na Rehani, kwa hiyo watoto wake wote ni Rehani. Na shangazi hakuwa na kitambulisho kabisa hadi wanawake walipoanza kuandikishwa, mwaka 1978. Chake kinasema Rehani, na watoto wake wana jina la mume.

Ukiwapanga watu hawa kwenye karatasi kubwa, kama nilivyofanya kwenye meza ya shangazi, unaona kitu ambacho hakuna ramani ya mtandaoni itakuonyesha. Akina Rehani wa Kibigori ni damu yetu ya karibu kabisa. Akina Farajala niliowajua kwa sifa huko Kibera na Bombo, hatuna undugu nao ninaoweza kuuthibitisha. Jina linatugawa na walio wetu na kutuunganisha na wasio wetu. Sensa ya 2009 ilihesabu Wanubi 15,463 Kenya nzima, jamii ndogo ambayo yote ingeenea katika uwanja mmoja wa mpira. Ndani ya jamii hiyo Farajala kama jina la ukoo ni la nyumba ya baba na labda nyumba nyingine chache ambazo karani wao alifanya kama wetu. Na linapungua, kwa sababu dada zangu wamelipeleka kwa waume zao likaishia hapo.

Wakili aliandika hati ya kiapo moja: kwamba Feraj Ulla, Ferajalla, Farajalla, Farajala na Farjala ni jina moja la mtu mmoja na uzao wake. Tukaambatisha cheti cha jeshi, tangazo la Gazeti, nakala ya kitabu cha ndoa na mchoro wangu. Shangazi alikuja mbele ya kamati mwenyewe, akaketi, akaanza kuwahesabia wazee wa Kibigori nyumba kwa nyumba hadi mmoja wao akagundua kwamba mama yake alipewa jina na bibi yangu. Hawakumaliza kuusoma mchoro wangu. Wiki chache baadaye binti alipewa karatasi ya kusubiri, na kitambulisho kikafuata.

Nilimshauri ajiandikishe Farajala ili sote tufanane. Akakataa, na alikuwa na hoja: cheti chake cha KCSE kinasema Farjala, na kukibadili ni kula kiapo kingine, kulipia hati ya kubadili jina na kuingia kwenye Gazeti Rasmi kama ami. Kwa hiyo kitambulisho kipya kinasema Farjala, na watoto wake, ikiwa mumewe ataruhusu, wataandikwa hivyo.

Karatasi zote sasa ziko kwenye bahasha moja kwa shangazi, na nakala kwenye simu yangu. Mdogo wa binti anatimiza miaka 18 mwaka ujao, na cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Faraja, basi, bila la.