Vidole kwenye matofali ya Charleston

Jana mimi na shoga yangu tumeizunguka Charleston, South Carolina, kwa miguu tangu asubuhi hadi magharibi. Tulianzia Rainbow Row, zile nyumba 13 za rangirangi, nzuri kweli, ila hatukukaa sana. Kilichonishika ni matofali ya mji ule. Ukisogea karibu unaona alama za vidole vya watumwa walioyafyatua, vingine vidogo, vya watoto. Nikaweka kidole changu palepale, nikakosa la kusema. Mwenzangu akanishika mkono tu.

Sokoni akina mama wa Kigullah, yaani wa jamii ya wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa huko, wanasuka vikapu vya nyasi, ufundi uliotoka Afrika Magharibi. Nikamkumbuka bibi na ukili wake! Tukamalizia Gadsden's Wharf, gati walikoshushwa maelfu ya Waafrika. Tangu 2023 pana makumbusho. Tuliketi pale tukitazama maji.