Nilivyotoka kwenye kuchoka kuchora fari

Kwa mnaochora fari, yaani wale wanyama wanaosimama na kuvaa nguo kama watu, kama umefika pale unafungua Krita (programu ya kuchorea kwenye kompyuta) unakinai kabla hata hujagusa kalamu, soma hii. Kila mbweha wangu alikuwa na uso uleule, rangi tu ndo inabadilika, na miguu ya nyuma kama imevunjika. Nikapakua brashi mpya, wapi. Nikapumzika nikarudi, palepale.

Kilichosaidia ni kuwaweka fari pembeni nikachora mbwa na paka wa kweli, kwanza mifupa, halafu misuli, manyoya mwisho kabisa. Na hapa ndo penyewe: ile kona ya mguu wa nyuma inayoangalia nyuma SIO goti, ni kisigino! Mbwa anatembea kwa vidole, goti lake liko juu huko karibu na tumbo na linaelekea mbele kama letu (dubu ye anakanyaga wayo mzima kama sisi, so usimpe mguu wa mbwa). Nikawa naweka nukta ya goti na ya kisigino kabla ya chochote, miguu ikasimama. Baadae nikahamia mafuvu, la paka fupi, la mbweha refu jembamba, nyuso zikaacha kufanana. Saizi nachora zaidi ndege na mikono ya watu, fari nikijisikia tu.