FPGA, bodi ya pembeni na nyaya za katikati

Kuna swali naulizwa mara kwa mara kuhusu FPGA, chipu ambayo saketi zake za ndani unazipanga mwenyewe kwa kodi ya lugha kama Verilog: "Kodi yangu ya Verilog imepita simulesheni, nimeunganisha FPGA na bodi ya mota, mbona mota inazunguka hata sijapakia kitu?" Jibu limo humo humo kwenye swali. Hujapakia kitu!

FPGA ya kawaida ikiwashwa huwa tupu. Mpaka imalize kusoma usanidi wake kutoka kwenye kumbukumbu ya flashi, pini zake nyingi zinaweza kuwa zimevutwa juu (kuelekea volti ya 1) na rezista dhaifu za ndani. Kwenye 7 Series, familia ya FPGA za Xilinx, hilo hutokea pini ya PUDC_B ikiwa imeshushwa graundi, na kwenye banki (kundi la pini) ya volti 3.3 rezista hizo hupitisha mikroampea 90 hadi 330. Ni mkondo kiduchu, ila kwa chipu inayoendesha mota hiyo ni 1, na 1 maana yake zunguka.

Wengi huweka rezista ya kushusha pini kwenye graundi, ya kilo-omu 4.7, kwa mazoea tu. Hebu piga hesabu: mikroampea 330 kwenye omu 4,700 ni karibu volti 1.5, ilhali lojiki ya 3.3 inataka chini ya 0.8 ndipo isome 0. Hapo hujaishusha pini, umeining'iniza katikati. Weka kilo-omu 1, utapata kama 0.33.

Mimi siku hizi siunganishi moja kwa moja kabisa. Katikati naweka bafa ya 74LVC245, chipu inayopitisha ishara kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiilisha volti 3.3 inapokea ishara za volti 5, jambo linaloweza kuua pini za FPGA nyingi za leo. Pini yake ya OE (ya kuruhusu ishara zitoke) huifungua ikiwa chini, kwa hiyo naivuta juu: FPGA isipokuwa tayari, mlango umefungwa. Ile rezista ya ndani iliyokuwa ikileta balaa sasa inasaidia kuivuta OE juu. Vile vibadilishi vya volti vinavyojitafutia mwelekeo vyenyewe sivitaki kwenye nyaya ndefu.

Halafu graundi. Nyaya nane za data na waya mmoja wa graundi, huo ni ubahili. Zote nane zikibadilika pamoja, mkondo hurudi kupitia huo mmoja, na waya wa sentimita 20 una induktansi (ukaidi wa waya mkondo unapobadilika ghafla) ya takriban nanohenri 200. Volti ya graundi inaruka, na bodi ya upande wa pili inasoma ishara ambazo hukuzituma. Kupunguza kasi ya kloki hakusaidii. Hata kwa kilohezi 1, ishara bado inapanda kwa nanosekunde chache tu. Kwenye mipangilio ya pini za FPGA, weka SLEW (kasi ya ishara kupanda) iwe SLOW na DRIVE (nguvu ya mkondo) iwe 4, tumia kebo bapa, na kila ishara ipakane na graundi.

Kuhusu kujua pini ipi ni ipi, michoro ya bodi siiamini sana. Kabla ya kuchomeka chochote napakia kodi fupi inayofanya kila pini itume jina lake kwa siriali, kwa kasi ya baud 9600. Nachukua kigeuzi cha USB cha volti 3.3, naunga graundi, kisha nagusisha waya wake wa RX (wa kupokea) kwenye pini moja moja. Skrini inaniandikia: B14, B14, B14. Nahamia inayofuata.