Udongo wangu jikoni kwa jirani

"Dada, kuja uone udongo wako."

Mama jirani aliniita hivyo asubuhi moja ya Oktoba, na nikaelewa kabla sijashuka. Kiwanja changu kiko juu ya kwake, kwenye mteremko hapa Panzi, Bukavu. Tulikuwa tumechimba msingi Septemba, mvua zikiwa zimesharudi, na kifusi tukakimwaga upande wa chini kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu. Usiku ule matope mekundu yaliingia jikoni kwake mpaka kwenye mbabula, jiko lake la makaa. Tuliyachota pamoja kwa beleshi, yeye kimya, mimi nikiona haya.

Kiwanja kina mita 20 kwa 30. Ukikwanguliwa unene wa sentimita 1 tu, ni mita za ujazo 6, yaani toroli 100 za lita 60. Matope yasiyobaki jikoni kwa mtu huziba mtaro, na mengine hubebwa na maji chini zaidi.

Fundi alisimamisha uzio wa magunia upande wa chini: ncha tuliizika sentimita 15, vigingi tukavipiga nyuma ya magunia. Mchanga ulinasa. Maji yaliyopita, hata hivyo, yalikuwa mekundu vilevile. Nikatia udongo kwenye chupa ya maji, nikatikisa. Chembe nzito zilitua kabla sijahesabu kumi. Kesho yake maji bado yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikajua udongo huu wa mfinyanzi ukishachanganyika na maji gunia haliuwezi. Lazima matone ya mvua yasiupige tangu mwanzo.

Kifusi tukakihamishia juu, mbali na ukingo, tukakifunika turubai. Mteremko mzima tukautandaza majani makavu ya migomba na mabua ya maharage. Maji ya bati za majirani wa juu, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakituumiza zaidi, tukayakinga kwa mfereji wa mshazari yazunguke shimo la msingi. Kisha nikapanda nyasi za setaria kwa mistari inayokata mteremko, kama mama yangu alivyopanda shambani kwetu Walungu. Kazi hii yote, isipokuwa kupanda, ingefaa ifanyike Juni, ardhi ikiwa kavu.

Juzi mvua kubwa ilinyesha. Nilishuka kabla ya chai: kizingiti cha mama jirani kilikuwa kimelowa tu. Ila kona ya kushoto mfereji umeanza kujichimba. Jumamosi tunapanga mawe humo.