Siku ya kwanza Ujiji, mkiwa wawili

Ujiji ni mji mkongwe kando ya Ziwa Tanganyika, jirani na Kigoma mjini mtakakofikia. Anayetoka Dar huchanganywa na jua la Kigoma. Saa ni ileile, ila huku jua huchomoza dakika kama 40 baadaye, karibu saa 1 asubuhi, na jioni mwanga upo mpaka saa 1. Mkiamka saa 11 kuwahi mapambazuko mtakaa gizani bure. Kunyweni chai kwanza, kisha mpande daladala ya Ujiji pale mtaa wa Mwanga, Kigoma mjini; ni kilomita 8 hivi. Bajaji nayo inafaa. Mkichukua pikipiki, kila mtu yake, msipande mshikaki.

Wageni wengi huenda moja kwa moja kwenye makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, wakitoka hapo wanageuza. Sisi tunasema anzeni ufukweni. Makumbusho hayaishi, dagaa wanaisha.

Boti zilizovua usiku hurudi asubuhi. Dagaa hufuata taa, kwa hiyo giza ndilo mtaji wa mvuvi. Mbalamwezi ikikolea, maji yote yana mwanga, dagaa hawakusanyiki penye taa na boti nyingi hubaki nchi kavu. Tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Ulizeni pia kama ziwa limefunguliwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Kununua dagaa wakavu kuna ujanja wake. Walioanikwa juu ya chanja huwa safi. Walioanikwa chini hubeba mchanga ambao hata maji matatu hayautoi. Tikiseni konzi moja juu ya karatasi nyeupe, kisha mtafune wawili watatu. Meno yakisaga mchanga, ageni kwa heshima. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha na anavunjika kwa mlio. Anayepinda bado ana maji, ataota ukungu kwenye begi kabla hamjafika Tabora.

Mawese vilevile yaonjeni. Yakikereketa koo, chikichi zilikaa sana kabla ya kukamuliwa. Chupa isijazwe mpaka shingoni, maana mafuta hutanuka kwenye joto na kusukuma kizibo, na doa la mawese kwenye kitenge kipya ni ugomvi wa ndoa. Kwa hiyo yanunueni mwisho, mkiwa mnarudi.

Hapo hapo ufukweni kuna mafundi wa boti za mbao. Salamu kwanza, picha baadaye, tena kwa ruhusa. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi: mabega na magoti yafunikwe, na kushikana viuno barabarani acheni.

Jua likipanda, nendeni makumbusho. Mnara uko kwenye kivuli cha miembe, mahali mwandishi wa habari Stanley, aliyetumwa kumtafuta, alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walikuwa wameshafika mjini hapa mwaka 1858 kwa njia ya misafara ya Bagamoyo na Tabora, njia iliyobeba pembe za ndovu na watumwa. Muulizeni mwelekezaji habari za Mto Ruzizi: Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa, wakakuta mto unaingia badala ya kutoka, ikajulikana kuwa mto huo si chanzo cha Nile kilichokuwa kikitafutwa. Kwangu hilo lina uzito kuliko ile salamu maarufu ya Stanley, “Dk. Livingstone, nadhani?” Bebeni fedha taslimu, na chenji.

Mchana ni ugali wa muhogo na mgebuka kwa mawese. Mgebuka mbichi hutambulika kwa mashavu mekundu na jicho lililojaa. Jicho likizama, agizeni wa kukaushwa kwa moshi.

Alasiri rudini Kigoma mtazame stesheni ya Wajerumani. Reli ilifika hapa mwaka 1914, ikachagua ghuba hii yenye kina na kinga dhidi ya upepo, na biashara ikaihama Ujiji. Bandarini ulizeni kabla ya kuinua simu, hata kama mmeiona Liemba, meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa, ikaanza kazi upya mwaka 1927.

Kuogelea, epukeni maji yaliyotulia penye matete. Ndiko konokono wa kichocho wanakokaa.

Jioni tafuteni mahali pa juu panapotazama ziwa. Kuanzia saa 2 taa za wavuvi hutanda kama mji mwingine juu ya maji. Msipoziona, geuzeni macho juu: mwezi umejaa.